Filamu Bila Fanani: Katalogi ya Colonial Film na Watazamaji wa Ng'ambo ya Mombasa

1.0 Utangulizi

Historia ya filamu katika Afrika Mashariki imeandikwa kwa muda mrefu kwa kutegemea mabaki: mikebe ya tepe, majalada ya serikali na kumbukumbu za watengenezaji. Mwaka 2010 sehemu kubwa ya mabaki hayo ilipata makao katika intaneti, ilipofunguliwa katalogi iitwayo Colonial Film: Moving Images of the British Empire. Makala haya yanaitathmini katalogi hiyo kwa kigezo cha utendaji, dhana iliyozoeleka katika uhakiki wa fasihi simulizi. Hoja kuu ni kwamba katalogi imehifadhi matini na kumwacha fanani. Na anapoachwa fanani, hadhira nayo hutoweka.

2.0 Hazina na Manufaa Yake

Katalogi ni zao la ushirikiano wa vyuo vya Birkbeck na University College London pamoja na British Film Institute, Imperial War Museum na British Empire and Commonwealth Museum. Ina taarifa za filamu zaidi ya 6,000. Takriban 150 ziliwekwa ili zitazamwe, na zaidi ya 350 zimeandikiwa maelezo ya kihakiki. Maelezo hayo yana uzito: yanachunguza filamu ilitengenezwa na nani, kwa fedha za nani na kwa itikadi gani. Kufunguliwa kwa katalogi kulimpunguzia mtafiti wa Mombasa haja ya kusafiri hadi London kwa kila taarifa. Manufaa hayo hayana ubishi.

3.0 Sauti Iliyo Nje ya Utepe

Upungufu unadhihirika katika mradi wa Bantu Educational Kinema Experiment, ulioendeshwa kati ya 1935 na 1937 chini ya L. A. Notcutt na G. C. Latham, makao yake yakiwa Vugiri, Tanganyika. Mradi ulitengeneza filamu 35. Zinazojulikana kusalia ni tatu tu, mojawapo ikiwa Tropical Hookworm ya 1936. Hata hivyo, hasara haiishii katika idadi. Maneno hayakuwa ndani ya utepe; yalitiwa katika sahani za santuri kwa lugha mbalimbali, ili picha zilezile ziwafae wasikilizaji tofauti. Kwa hiyo utepe uliosalia ni nusu ya kazi.

Colonial Film Unit, iliyoanzishwa 1939, iliendeleza mtindo huo kwa njia nyingine: aghalabu msimulizi alisimama kando ya gari la sinema na kusema kwa kipaza sauti katika lugha ya wenyeji. Kiongozi wake, William Sellers, aliamini kwamba mtazamaji wa Kiafrika alihitaji picha za polepole, zisizo na hila za uhariri. Imani ya Sellers imehifadhiwa vizuri. Kauli za watazamaji zimesalia kwa uchache, na mara nyingi kwa kalamu ya mtengenezaji.

4.0 Fanani wa Kibandani

Imani hiyo inakanushwa na vibanda vya video, ambavyo Likoni, Kisauni na Changamwe ni miongoni mwa mitaa iliyovifahamu. Humo filamu za Kihindi, za Kichina na za Kimarekani, zenye kasi ambayo Sellers angeiogopa, zimetazamwa kwa furaha. Nyingi zimepitia sauti ya msimulizi kama DJ Afro wa Kenya. Dar es Salaam nako alivuma Lufufu, ambaye kazi yake imechunguzwa na Matthias Krings katika African Appropriations (2015).

Huenda ikadaiwa kwamba kuwapo kwa msimulizi kunathibitisha rai ya Sellers. Dai hilo halina mashiko. Msimulizi wa kibandani hufanya zaidi ya kufafanua: hukejeli, hutabiri, humbatiza mhusika jina la mtaani na hubishana na filamu. Msimulizi wa gari la serikali alitumwa kufikisha ujumbe wa mwajiri. Huyu wa kibandani hutafuta idhini ya hadhira. Nafasi yao ni moja, mamlaka ni tofauti. Tofauti hiyo ndiyo historia ambayo katalogi iliyopangwa kwa misingi ya tepe haiwezi kuionyesha.

5.0 Hitimisho

Katalogi haina lawama kwa kutohifadhi kisichokuwa katika mikebe yake. Kosa litakuwa la wahakiki wakiichukua orodha ya tepe kuwa ndiyo historia nzima ya filamu. Kwa kipimo hicho, mkazi wa Likoni ataonekana mbele ya kamera ya mgeni, lakini hataonekana akitazama, akicheka wala akihukumu. Sahani za video hukwaruzika, vibanda hufungwa, na waliovikalia wanazeeka. Inapendekezwa, basi, kwamba idara za fasihi zikusanye simulizi za wenye vibanda, wasimulizi na watazamaji kwa taratibu zilezile zinazotumiwa kukusanya ngano na nyimbo, na kwamba mikusanyo hiyo isomwe sambamba na katalogi. Ndipo utepe utakaporudishiwa fanani wake.