Ukurasa wa Kusubiri

Ukurasa wa kusubiri ni ule unaomtokea mtumiaji wa tovuti akishabonyeza kitufe cha kutuma, huku seva ikiendelea na kazi aliyoiomba. Mwanafunzi wa Muleba anayeomba mkopo wa elimu ya juu akiwa kwenye duka la steshenari hukutana nao, sawa na mfanyabiashara wa Bukoba anayelipia leseni. Usipokuwepo, kioo hubaki kimya. Mtu hudhani hakusikika, hubonyeza tena, na ombi moja huwa mawili.

Wahaya, wenyeji wa Muleba na Bukoba, wana adabu inayofanana na kazi ya ukurasa huu. Mgeni akiingia hupewa kahawa ya kutafuna, hata kama ndizi bado ziko jikoni. Haimshibishi, lakini inamjulisha kwamba amepokewa.

Seva iliyoundwa vizuri hufanya vivyo hivyo. Hulipatia ombi namba, huliweka kwenye foleni na kujibu papo hapo. Itifaki ya HTTP, inayoongoza mawasiliano ya tovuti, imelitengea jibu hilo msimbo 202: ombi limepokelewa, kazi haijakamilika. Kisha ukurasa huiulizia seva kila baada ya sekunde chache. Kazi ikiisha, msimbo 303 humpeleka mtumiaji kwenye matokeo, ili hata akipakia upya asitume ombi la pili.

Subira nayo ina vipimo. Mwaka 1993 mtafiti Jakob Nielsen alieleza kuwa jibu la sehemu ya kumi ya sekunde huonekana la papo hapo, la sekunde 1 halikatizi mawazo, na baada ya sekunde 10 akili huhamia kwingine. Kabla yake, mwaka 1985, mtafiti mwingine, Brad Myers, alionyesha kuwa watu hupenda kuona kazi imefikia wapi. Ndiyo maana kazi ndefu hustahili mstari unaojaa, nao ujae kwa kadiri kazi inavyosonga kweli. Unaojaa kwa kubahatisha ni uongo.

Uzuri wa ukurasa huu ni wepesi na ukweli. Haumalizi bando kwa mapambo. Humwonyesha mtu namba ya ombi lake, ili mtandao ukikatika aweze kurudi na kulikuta. Kazi ikishindikana, husema wazi kilichokwama, kama pesa imekatwa au la, na hatua inayofuata. Aliyetoka kijijini kwa bodaboda hujua kama aendelee kukaa au aanze safari ya nyumbani kabla giza halijaingia.