Kondere Likianza Kuvuja Pumzi

Mwishoni mwa mwaka 1861 mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke alifika Karagwe, kaskazini-magharibi mwa Tanzania ya leo, kwenye himaya ya Omukama (mfalme) Rumanyika, akaisikia bendi ya watu 16: wapuliza makondere 14 na wapiga ngoma 2. Makondere hayo, aliandika, yalitengenezwa kwa vipande vya vibuyu vilivyochomekwa kimoja ndani ya kingine, kisha yakavikwa ngozi ya ng'ombe.

Kondere halina ulimi wa mwanzi kama klarineti, wala wa jani kama zumari ya pwani. Kinachotetema ni midomo ya mpulizaji, na midomo haina vipuri. Kinachochakaa ni kibuyu.

Mpiga klarineti ana shida yake. Ulimi wa ala yake huchoka polepole, sauti ikafifia siku hadi siku huku sikio likiizoea, na mara nyingi yeye ndiye wa mwisho kugundua. Ndiyo maana wajuzi hutumia ndimi kadhaa kwa zamu, ili uliochoka uumbuliwe na ulio mzima.

Makondere, kwa hili, yamejaliwa. Kila moja hutoa sauti moja au mbili tu, na wimbo hujengwa kwa kupokezana. Moja likivuja pumzi, pengo husikika papo hapo: jirani aliyekuwa akiingoja sauti ile aingize yake hukosa pa kushikia. Hapo kujidanganya ni kazi ngumu.

Jicho halisaidii sana, maana ngozi inayolipamba kondere ndiyo hiyo hiyo inayoficha ufa. Kibuyu hugongwa kama chungu sokoni: kizima huitika, chenye ufa hukoroma. Heri ni kwamba kondere ni la vipande. Ngozi ikivuliwa, kilichopasuka hutoka na vingine hubaki.

Utemi ulifutwa Tanganyika mwaka 1963, na makondere ya ikulu yakapoteza ikulu. Ng'ambo ya mpaka, nchini Uganda, Tooro ilirudishiwa ufalme wake mwaka 1993, na kule Fort Portal makondere bado hupulizwa kwenye Empango, sherehe za kumbukumbu ya kutawazwa kwa mfalme.

Ndimi za klarineti huuzwa dukani, aghalabu 10 kwa boksi. Kibuyu hupandwa, na lazima kiwe na unene utakaokubali kuingiana na mwenzake. Anayengoja kondere linyamaze kabisa amechelewa. Mbegu ilipaswa kuingia ardhini mvua zilizopita, kibuyu kikomae, kikauke, ndipo kichongwe.