Tazama kwa Masikio: Namna ya Kuipima Filamu ya Kihindi ya Fukara na Binti wa Tajiri

Jioni moja ya majuzi, mvua iliponizuia katika mtaa mmoja wa Butembo, mashariki mwa Kongo, nami nikajisitiri ndani ya nyumba ya video, ambamo jenereta hunguruma nyuma ya ukuta na mabenchi hayana pa kuegemea, niliikuta filamu mpya ya Kihindi ya kijana fukara aliyempenda binti wa tajiri, na ilipokwisha vijana wote wakasimama wakapiga makofi, mmoja akaapa kwa mamaye kuwa haijapata kutengenezwa iliyo bora kuliko hiyo. Mimi sikupiga makofi. Fukara yule, aliyesemekana kulala sokoni juu ya magunia, alikuwa na viatu visivyopata kuonana na vumbi. Binti alimpenda kabla hajapata sababu ya kumpenda. Na mambo yalipofika mahali pa kukatwa shauri, ikabainika kuwa fukara si fukara, bali ni mwana aliyepotea wa tajiri mwingine aliyemshinda mali yule wa kwanza. Hapo ndipo makofi yalipozidi, nami nikaona kuwa nikinyamaza nitakuwa nimeshiriki dhuluma.

Nilizaliwa Luofu, juu milimani, mahali pa baridi na viazi, na utotoni mwetu filamu ilikuwa kitu cha siku ya soko: mchuuzi alipandisha televisheni, kanda na jerikeni ya mafuta, tukalipa, tukabanana. Wenzetu wa pwani walikwisha kututangulia zamani. Unguja walikuwa na Majestic na Empire, Dar es Salaam walikuwa na Avalon, na mapenzi yao kwa lahani za Kihindi yalikuwa makubwa hata Juma Bhalo wa Mombasa akazivika maneno ya Kiswahili, na watu wakalia kana kwamba zimezaliwa Mji wa Kale. Sisi wa bara tulichelewa, lakini aliyechelewa karamuni hula kwa uangalifu, na katika kula kwangu nimejifunza mambo ambayo sioni haya kuyataja.

Kwanza yale madogo, niyamalize. Filamu ya aina hii isiyotimiza saa mbili na nusu ni dibaji tu, haijawa filamu. Nyimbo zisipungue 5. Mvua inyeshe mara moja. Ikinyesha mara mbili, mtengenezaji ameishiwa na maarifa. Baba tajiri akishuka ngazi kwa joho la hariri, vumilia. Akishuka mara ya tatu, ondoka. Helikopta haifai abadan, na najua kuwa wapenzi wa Kabhi Khushi Kabhie Gham ya mwaka 2001 watanikasirikia kwa neno hili, na wakasirike. Mtumishi wa nyumba awe na jina lake. Hili la mwisho sitalieleza, madhali asiyeliona mwenyewe hatalielewa hata akielezwa.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, ambalo mtazamaji wa kawaida hulikosa kila mara, hata awe ametazama filamu 1,000, kwa kuwa huangalia kwa macho kitu ambacho muradi wake ni kusikiwa. Kihindi kina maneno matatu ya kumwambia mtu "wewe". Yuko *aap*, ambaye ni wa taadhima, wa mkubwa, wa mgeni, wa bwana; yuko *tum*, ambaye ni wa rika na wa aliye chini yako; na yuko *tu*, ambaye ni wa Mungu, wa mama, wa mtoto mchanga, wa mpenzi, na pia wa matusi, kwa kuwa penye ukaribu wa mwisho na dharau ya mwisho lugha ile haikuona haja ya maneno mawili. Huhitaji kujua Kihindi ili kuyasikia. Ni sauti tatu fupi, na anayeweza kutofautisha mlio wa pikipiki ya jirani na wa pikipiki ya mgeni anaweza kutofautisha *aap* na *tum*.

Basi kaa usikilize. Fukara anamwambia binti *aap*, binti anamwambia fukara *tum*, na baina ya maneno hayo mawili umesimama ukuta mrefu kuliko ule wa bustani ya babaye. Filamu nzima, pamoja na baiskeli zake, mananasi yake na shangazi zake wachekeshaji, ni safari ya neno moja kuelekea jingine. Ni nani atakayelivua *aap* kwanza? Je, binti atamruhusu, au fukara atateleza ulimi kwa hasira? Fundi hodari hulichelewesha neno hilo hata unaona mwili unawasha, kisha huliachia mahali usipotazamia: katika kugombania chenji, katika kuonyana juu ya shimo la njiani, wala si chini ya mbalamwezi. Na kuna jambo zuri kuliko hilo, nalo ni pale binti anapopanda, yaani yeye aliyekuwa akimwambia fukara *tum* la kumwamrisha, asubuhi moja akamwambia *aap*. Hajasema nampenda. Hakuna aliyemgusa mwenzake. Lakini nyumba imekwisha kuanguka, na babaye bado anakunywa chai.

Mtu wa Butembo hana udhuru wa kutolisikia hili, kwani Kifaransa cha shule kimemfundisha *tu* na *vous*, naye anajua kuwa mwalimu aliyemzoea akimwita *vous* kwa ghafla, adhabu iko mlangoni. Isitoshe, Kihindi si kigeni kwetu kama tudhanivyo. *Gharib* ya Kiarabu, ambayo kwetu ni gharibu, mgeni wa mahali, kwao imekuwa maskini. Na *sahib*, ambaye kwetu ni sahibu, rafiki wa kukaa naye barazani, kwao ni bwana mkubwa anayefunguliwa mlango wa gari. Neno moja lilipanda majahazi mawili, likashuka pwani moja likiwa rafiki na pwani nyingine likiwa bosi. Na mimi kila nimsikiapo dereva wa filamu akisema *saab*, hulisikia sahibu letu limefungwa ndani yake, linangoja kutolewa.

Nilifundishwa kusikia na mzee mmoja aliyekuwa akitafsiri filamu mbele ya watu hapa mjini, ambaye ujanani alifanya kazi ya duka kwa Mhindi mmoja wa Kampala, kabla ya Idi Amin kuwafukuza Waasia mwaka 1972, na jioni zake alizimaliza katika majumba ya sinema ya huko. Hakusema mengi. Palipokuwa na ngumi hakutafsiri kitu, akisema kuwa ngumi ni Kiswahili. Lakini alikuwa na kofia ya sufu, na neno lilipobadilika, *aap* ilipokuwa *tum* au *tum* ilipokuwa *aap*, alikuwa akiivua kofia ile, akaiweka gotini, wala hasemi neno. Ukumbi wote ulikwisha kuijua ishara hiyo. Akina mama waliokuwa wakichambua maharage nyuma walikuwa wakiacha kuchambua. Siku moja kijana mmoja alimwuliza, "Papa, amesema nini?" naye akajibu, "Amemwita wewe." Kijana akalalamika kuwa tangu mwanzo alikuwa akimwita wewe. Mzee akavaa kofia yake akaendelea.

Baada yake alikuja mwingine, mwenye sauti ya radi, ambaye watu walimpenda mno nami nasema wazi kuwa alikuwa ayari. Binti akisema silabi mbili, yeye alisema dakika mbili, akitia ndani bei ya mafuta, matokeo ya mpira na mithali za kwao. Kihindi hakukijua hata chembe. Alibahatisha kwa kutazama nyuso. Usiku mmoja alimfisha mama wa fukara kwa maneno ya kusikitisha hata watu wakatoa leso, ilhali mama yule alikuwa amelala usingizi tu, na baada ya wimbo mmoja akaonekana anauza mboga. Ayari hakushtuka. Alisema, "Huyu ni pacha wake." Waliokubali walikuwa wengi. Watafsiri wa namna hii, ambao hata miongoni mwa walioandikwa majina kwenye kanda zilizotoka Uganda kupitia mpaka wa Kasindi hawakosi wenzao, ndio waliowaziba vijana wetu masikio, kwa kuwa kwao kila mtu ni wewe, tangu mfalme hadi mbuzi.

Ukitaka kujizoeza, anza na Chupke Chupke ya Hrishikesh Mukherjee ya mwaka 1975, ambayo wajuzi wa juujuu hawaihesabu kuwa ya matabaka, ati kwa sababu mume na mke ni wa daraja moja. Hasha! Dharmendra ni profesa wa elimu ya mimea anayejifanya dereva katika nyumba ya shemeji wa mkewe, ili kumfanyia mzaha yule bwana anayejivunia kujua watu, na silaha yake ni Kihindi safi kupita kiasi, kilichopigwa pasi hata bwana mwenyewe anajikwaa ndani yake. Na hapo ndipo kichekesho kinapokata: mahaba yale yale ambayo kwa profesa ni halali na heshima, kwa mwenye kofia ya dereva ni fedheha ya ukoo. Hakuna aliyebadilika isipokuwa kofia.

Kisha Bobby ya Raj Kapoor, ya mwaka 1973, aliyoitengeneza baada ya Mera Naam Joker kumtia hasarani. Watu hukumbuka nguo za Dimple Kapadia. Mimi hukumbuka baba wawili. Pran, tajiri, anamdhania mvuvi Jack kuwa amemtega mwanawe kwa binti, akamtolea fedha, na uso wa Prem Nath, ambaye ndiye Jack, unapoziona fedha zile ni darsa tosha kwa yeyote anayetaka kuigiza umaskini bila kupaka masizi. Mwishoni watoto wanajitupa majini, na baba wote wawili wanajitupa nyuma yao. Basi angalia ni nani anayemwokoa nani. Tajiri anamtoa binti wa mvuvi, mvuvi anamtoa mwana wa tajiri. Vijana wa benchi la mbele hutazama maporomoko ya maji.

Maine Pyar Kiya ya mwaka 1989 naikubali kwa sababu moja tu: baba fukara anamtaka Salman Khan, mwana wa tajiri, achume rupia 2,000 kwa mwezi mmoja kwa jasho lake mwenyewe, naye anakwenda kuendesha lori na kubeba mawe. Baba wa Kinande, wa huku kwetu, angemtajia mbuzi, lakini maana ni ile ile, na katika mji huu uliojengwa na wachuuzi, ambako wakubwa wa leo husimulia kwa fahari mzigo wa kwanza walioubeba kichwani, hakuna asiyelielewa sharti hilo. Dil ya mwaka uliofuata inachekesha kuliko yote, hasa Anupam Kher, mnunuzi wa makorokoro anayejifanya tajiri ili amwoze mwanawe kwa tajiri. Lakini ni kelele tupu, na masikio yangu hayapati kazi humo.

Na ikiwa unadhani kuwa ufundi huu umekwisha, kama ninavyodhani mimi siku nyingi za juma, itafute Sir ya Rohena Gera ya mwaka 2018. Haichekeshi sana. Mjane mtumishi wa nyumba anampenda bwana wake, na muda wote humwita Sir, akileta chai, akiondoa sahani, akipita ukutani ili asimguse. Neno la mwisho la filamu, katika simu, ni jina la yule bwana, Ashwin, lililosemwa mara moja. Ningeipeleka Luofu nikaionyeshe bila mtafsiri.

Jana nilirudi katika nyumba ile ya video, nikalipa tena, kwa kuwa waliniambia kuwa sikuitazama vizuri ile filamu yao, na haki ni haki hata kwa kitu kibaya. Nilikaa benchi la nyuma nikafumba macho. Binti alikuwa akisema *tum*, kijana akisema *aap*; kisha mtafsiri akameza maneno, jenereta ikakohoa, nikasikia pumzi ya binti kabla ya neno, nami bila kujua nikawa nimeivua kofia yangu.

"Papa amelala," akasema kijana mmoja pembeni yangu.

"Nyamaza, mwanangu," nikamwambia, "bado hajasema."