Tabaka, Ukoo na Raia: Tatizo la Istilahi katika Uhakiki Wetu

Riwaya mbili za Adam Shafi, Kasri ya Mwinyi Fuad (1978) na Kuli (1979), aghalabu huhakikiwa chini ya anwani moja: mgogoro wa kitabaka. Tangu miaka ya 1970 uhakiki wetu umelitwisha neno tabaka mzigo mzito mno. Asili yake ya Kiarabu ni safu iliyolazwa juu ya nyingine. Halituelezi mtu aliingiaje katika safu yake, anaoana na nani, wala kama anaweza kutoka. Makala haya yanadai kwamba maswali hayo matatu yatangulie uhakiki wowote wa kitabaka.

Tuyapime kwa mfano wa Roret, katika nchi ya majani chai ya Kericho. Mkulima mdogo wa huko ana shamba lake. Hupeleka majani mabichi kituoni yakapimwe kwa kilo, kisha hungoja bonasi. Bei hutegemea mnada wa Mombasa, ambako hana kauli. Majani yakiwa mengi huajiri wachumaji. Mambo yakimwendea kombo, naye huenda kuwachumia wengine. Soko ndilo limpandishalo na kumshusha. Hilo ni tabaka kwa maana ya kiuchumi.

Miongoni mwa Wakipsigis kuna pia Talai, ukoo wa orkoiik, viongozi wa kiroho walioheshimiwa na kuogopwa. Mtu huwa Talai kwa kuzaliwa, na mali haimtoi humo. Je, hili ni tabaka la kuzaliwa mithili ya yale ya India? La hasha. Yale hutambulika kwa kuoana wenyewe kwa wenyewe, ilhali mila ya Wakipsigis hukataza ndoa ndani ya ukoo. Kwa mila hiyo, mama wa Talai hutoka ukoo mwingine. Iliyowafungia zizini ni serikali ya kikoloni: sheria ya mwaka 1934 iliwahamishia Gwassi, kando ya Ziwa Viktoria, wake kwa watoto. Utamaduni uliwapa jina. Sheria ikaligeuza jina kuwa hukumu.

Mwaka 2022 Wakipsigis na Talai waliishtaki Uingereza kwa pamoja katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, kuhusu ardhi yao iliyogeuzwa mashamba ya chai. Hapo hawakusimama kama ukoo mmoja wala kama wauzaji, bali kama watu wenye dai la haki. Huo ndio uwanja wa jumuiya ya kiraia, ambao nasaba na mizani ya soko havitoshi kuueleza.

Tukizirejelea riwaya zetu, tofauti inajitokeza. Makuli wa bandari ya Zanzibar wamekutanishwa na ujira, na mgomo wa 1948 unawezekana kwa sababu hiyo. Katika kasri la Fuad, kinyume chake, hadhi ni ya urithi. Hata jina la Kijakazi limekwisha kumpangia mahali pake. Kuli anadai alipwe zaidi. Kijakazi hana budi kudai kwanza kuwa mtu. Dai la kwanza laweza kujadiliwa na mwajiri. La pili halina wa kujadiliana naye, ndiyo maana riwaya ile haikuweza kufika mwisho wake bila mapinduzi. Mhakiki anayeziita zote mbili migogoro ya kitabaka, akaishia hapo, hajaeleza kwa nini miisho yake haifanani.