Likoma: Zama za Kati Zimo Kwenye Ramani, Hazimo Kwenye Paa

Anayeteremka kutoka Maguu kwenda Mbamba Bay huyaacha nyuma makanisa ya matofali ya kuchoma ya Wabenediktini, akaingia mwambao wa Ziwa Nyasa, eneo la Waanglikana. Makao makuu ya Waanglikana hao kwa miaka mingi yalikuwa kisiwani Likoma, kusini zaidi, mkabala na Msumbiji. Huko ndiko lilikojengwa Kanisa Kuu la Mtakatifu Petro, kati ya 1903 na 1911, kwa ramani ya Frank George, msanifu wa UMCA, misheni ya Waanglikana hao. Wengi hulisimulia kana kwamba ni kanisa la Uingereza ya kale lililopotea njia, hata ukubwa wake hulinganishwa na ule wa Kanisa Kuu la Winchester. Hapo chumvi imezidi, maana Winchester ina urefu wa takribani mita 170, na Likoma haifiki hapo. Ukilichambua kifundi, utaona kuwa kilichotoka Zama za Kati ni mpangilio wa ndani na samani. Juu ya kuta amefanya kazi fundi wa karne ya 20, aliyepiga hesabu kwa vifaa alivyoweza kuvipata.

Tuanze na paa. Fahari ya kanisa kuu la Zama za Kati ilikuwa dari ya mawe yaliyopangwa kwa matao. Tao halikandamizi kwenda chini tu, husukuma pia kwenda nje, na ndiyo maana kuta zilinenepeshwa na kuwekewa viegemeo upande wa nje. Makanisa mengi ya vijijini hayakuimudu gharama hiyo, yakaezekwa kwa mbao. Likoma nayo imeezekwa kwa mabati. Kenchi ya mbao iliyofungwa vizuri kwa mti wake wa chini huuzuia msukumo wa pembeni ndani kwa ndani, ukuta ukabaki na kazi ya kubeba uzito unaoshuka wima, na bati lenyewe ni jepesi. Wala usafiri haukuwa kikwazo kwa watu hawa: meli yao, Chauncy Maples, iliundwa Glasgow mwaka 1899, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa hadi ziwani na kushushwa majini mwaka 1901. Aliyevusha meli nzima kwa vipande hatashindwa na mabati.

Samani ndizo zenye mengi zaidi. Katika kanisa la kijijini Uingereza ya Zama za Kati, jengo lilikuwa na mifuko miwili: waumini waligharimia ukumbi wao, na mwenye parokia akagharimia upande wa madhabahu. Waumini wengi walisimama. Mabenchi yalienea hasa karne ya 15. Viti vya fahari vilikuwa vya kwaya, karibu na madhabahu, na fundi alivichonga kwa mbao ngumu. Likoma ina viti hivyo, ila vimechongwa kwa mawe ya sabuni. Jiwe hili ni laini kiasi cha kukubali kisu na patasi, haliozi, na mchwa hawana kazi nalo. Hasara zake ni uzito, ubaridi wa kukalia, na kingo zinazomeguka zikigongwa. Mchongaji anayelijua haachi ncha nyembamba. Huviringisha kingo na kuinua nakshi kidogo tu.

Yuko atakayesema kwamba yote hayo ni Waingereza kutamani kwao. Kwa sehemu ni kweli, lakini utazame msalaba. Katika karne ya 16 serikali ya Uingereza iliamuru misalaba mikubwa yenye sanamu ya Kristo iondolewe makanisani. Waliotaka ibada ya kale irudi walishindana na wenzao hadi karne ya 19, na baadhi ya mapadri wakafungwa jela kwa sheria ya 1874. UMCA ilikuwa upande huo. Msalaba wa Likoma umechongwa kwa mti wa Chitambo, kijiji ulipozikwa moyo wa mmisionari Livingstone mwaka 1873. Kilichopigwa marufuku kwao kimewekwa huku hadharani, tena kwa mti wa Afrika. Huo ni ubishi wa kidini uliotiwa kwenye samani. Kutamani nyumbani peke yake hakuelezi jambo hilo.

Pingamizi zito zaidi ni la matumizi. Vijiji vya mwambao vilisali katika makanisa ya matete na nyasi, na padri William Percival Johnson, aliyezikwa Liuli mwaka 1928, alitumia maisha yake kuvizungukia. Ramani ya Likoma ilimfaa askofu mwenye mapadri na kwaya. Mkutano wa wavuvi haukupata nafasi nzuri ndani yake. Kwaya ikikaa kati ya watu na madhabahu, muumini wa nyuma anasikia mwangwi kabla ya maneno. Ramani yenyewe, hata hivyo, ina njia ya kulitatua hilo bila kuvunja ukuta: jengo lina umbo la msalaba, na meza ya madhabahu ikisogezwa hadi pale mikono yake inapokutana, watu wataweza kuizunguka pande tatu, huku kwaya ikibaki kwenye viti vyake vya mawe, nyuma ya padri.