Kikombe cha Mkojo Kinajibu Swali Gani?

Katika kliniki nyingi za maumivu sugu nchini Marekani, mgonjwa anayeandikiwa oksikodoni au mofini hukabidhiwa kikombe na kuonyeshwa choo kilipo. Ubavuni mwa kikombe pamebandikwa kipimajoto cha karatasi, nacho husomwa ndani ya dakika 4: mkojo uliotoka mwilini muda huo huwa na nyuzijoto 32 hadi 38. Ukiwa wa baridi, yamkini umetoka nyumbani mfukoni. Kreatinini, taka ya misuli inayotolewa na figo, nayo hupimwa. Ikiwa chini ya miligramu 20 kwa desilita, mkojo umezimuliwa. Huenda ni hila, huenda pia mgonjwa alikunywa maji mengi kwa kuhofia kwamba mkojo hautatoka.

Baada ya hapo huja kitepe. Ndani yake mna kingamwili zinazoshika molekuli za aina fulani, na mstari uliopakwa dawa ya aina hiyo hiyo. Mkojo ukiwa hauna dawa, kingamwili hufika kwenye mstari zikiwa huru, zikanasa, na mstari ukaonekana. Ukiwa na dawa, kingamwili hushikwa njiani na mstari hautokei. Ni kinyume cha kipimo cha mimba: mstari ukitokea, hata uwe hafifu, jibu ni hasi.

Mtego mkubwa zaidi uko kwenye jina la kipimo. Kitepe kilichoandikwa “opiati” kilitengenezwa kwa ajili ya mofini. Kinaiona kodeini, na heroini pia, kwa kuwa mwili huigeuza kuwa mofini. Oksikodoni hukiponyoka mara nyingi, na fentanili na methadoni hakizioni kabisa, kwani maumbo yake ni mengine. Sasa mchukue mgonjwa wa mgongo anayemeza oksikodoni yake kila siku kama alivyoagizwa. Kitepe kinasema hasi. Daktari asiyekijua kitepe chake anahitimisha kwamba vidonge vinauzwa mtaani, anakata dawa, na mgonjwa anarudi nyumbani na maumivu, arosto na doa la udanganyifu kwenye faili lake.

Udhaifu huo huo hugeuka faida katika kliniki zinazotibu uraibu wa heroini kwa methadoni, kama ile iliyoanza Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2011. Kwa kuwa kitepe cha opiati hakiioni methadoni, jibu chanya haliwezi kusingiziwa dawa anayopewa mgonjwa pale kliniki.

Jibu chanya nalo lina mitego yake. Levofloksasini, dawa ya bakteria, inaweza kukidanganya kipimo cha opiati. Kwa baadhi ya vipimo hata rifampisini ya kifua kikuu hufanya hivyo. Mbegu za mpopi zinazonyunyizwa kwenye mikate zina mofini ya kweli. Kwa sababu ya mbegu hizo, mwaka 1998 serikali ya Marekani ilipandisha kizingiti cha kupima wafanyakazi kutoka nanogramu 300 kwa mililita hadi 2,000. Maabara nyingi za tiba zilibaki na 300, hivyo mkojo mmoja unaweza kuwa hasi kazini na chanya kliniki.

Ndiyo maana jibu lenye utata hupelekwa kwenye mashine inayotenganisha molekuli na kuzitambua moja moja kwa uzito wake. Hapo kinachosomwa ni kazi ya ini. Oksikodoni huacha noroksikodoni na oksimofoni. Haidrokodoni huacha haidromofoni. Kodeini huacha mofini. Kwa hiyo mtu wa kodeini akikutwa na mofini, hilo peke yake si kosa. Heroini huacha alama yake ya pekee, 6-asetilimofini, ambayo hutoweka upesi. Na mkojo ukijaa oksikodoni bila hata chembe ya noroksikodoni, hicho ni kidonge kilichokwanguliwa na kutumbukizwa kikombeni: hakikupita kwenye ini la mtu yeyote.

Hata mashine hiyo haisemi mgonjwa alimeza vidonge vingapi. Kiasi kinachoonekana hubadilika kwa maji aliyokunywa, hali ya figo, kasi ya vimeng’enya vya ini na saa ya dozi ya mwisho.

Fedha nazo ziliuharibu upimaji huu. Mwaka 2015 maabara ya Millennium Health ya San Diego ilikubali kulipa dola milioni 256 kumaliza tuhuma, zikiwemo za kuitoza serikali kwa vipimo vya mkojo na vya vinasaba visivyohitajika. Kupima kila kitu kwa kila mgonjwa kulikuwa biashara nono, tena kwa majibu ambayo hayakubadilisha tiba.

Mwongozo wa 2016 wa CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, ulitaka mgonjwa apimwe kabla ya kuanza dawa, kisha daktari afikirie kumpima angalau mara moja kwa mwaka. Ule wa 2022 unamtaka daktari apime faida na madhara ya kipimo chenyewe, na asimfukuze mgonjwa kwa sababu ya jibu. Ni marekebisho ya haki, kwa sababu kikombe kinajibu swali moja tu: ni molekuli gani zimevuka kizingiti. Kama mgonjwa anatumia dawa yake ipasavyo ni swali jingine. Hilo huanza kwa kumuuliza, kabla hajaingia chooni, amemeza nini na saa ngapi, na kuliandika jibu lake kabla kitepe hakijasomwa. Maelezo ya mgonjwa na kitepe vikipingana, maabara iamue kwanza. Kalamu ya kukata dawa isubiri.