Rika za Mbu

Kazi ya kumpasua mbu haina fahari machoni pa watu. Mpasuaji huinamia darubini, akamlaza mbu jike kwenye tone la maji ya chumvi, akashika sindano mbili: moja ya kukandamiza kifua, nyingine ya kuvuta ncha ya tumbo polepole mpaka utumbo na vifuko vya mayai vitoke. Mkono ukitetemeka, vyote hukatika na mbu amekwenda bure. Hivyo ndivyo daktari Ronald Ross alivyohangaika huko India tangu 1895, zaidi ya miaka miwili bila mafanikio, maana wengi wa mbu aliowapasua hawakuwa wa aina inayobeba malaria ya binadamu. Tarehe 20 Agosti 1897, mjini Secunderabad, alimpasua mbu wa aina nyingine, aliyekuwa amemnyonya mgonjwa aitwaye Husein Khan, akaona kwenye ukuta wa tumbo lake vijiduara vyenye chembe nyeusi. Vilikuwa vimelea vya malaria vikikua. Ross anakumbukwa kwa Tuzo ya Nobel ya 1902. Mimi nausifu ufundi wenyewe, kwa kuwa haukukoma kwake, na jibu kubwa kuliko yote la ufundi huo lilikuja baadaye, juu ya jambo ambalo wachache hulifikiria: umri wa mbu.

Mbu akinyonya vimelea leo, hawezi kumwambukiza mtu kesho. Vimelea huhitaji siku 10 hadi 14 hivi kukua tumboni na kuhamia kwenye tezi za mate. Chukua basi mbu 1,000 walionyonya vimelea hivyo. Wakifa 10 katika kila 100 kwa siku, baada ya siku 12 watabaki 280 hivi, wote wazee, wote hatari. Wakifa nusu kila siku, hatabaki hata mmoja. Hesabu ya namna hii aliifafanua mtaalamu wa malaria George Macdonald katika miaka ya 1950, nayo inaeleza kwa nini dawa ya ukoko, inayonyunyizwa ukutani na kufupisha maisha ya mbu, inaweza kuvunja malaria hata pale ambapo mbu bado wanavuma. Lakini hesabu ni maneno matupu mpaka apatikane mtu wa kuusoma umri kwenye mwili wa mdudu. Tatiana Detinova wa Umoja wa Kisovieti aliusoma kwenye mirija midogo ya hewa ya vifuko vya mayai: kwa mbu ambaye hajawahi kutaga, ncha za mirija hiyo zimejikunja kama kibonge cha uzi, mayai yakishakomaa hunyooka, wala hazijikunji tena. Mick Gillies, aliyefanya utafiti Amani na Muheza mkoani Tanga, alizama katika ujuzi huo, na mwaka 1965 yeye na T. J. Wilkes walichapisha mpangilio wa rika za mbu wa kaskazini-mashariki mwa Tanzania, kana kwamba wanaandika sensa ya kijiji.

Jicho hilohilo la fundi lilitumika kutambua aina. Katika mradi wa Pare-Taveta, mpakani mwa Tanganyika na Kenya, nyumba zilinyunyiziwa dawa ya wadudu iitwayo dieldrini katika miaka ya 1950. Anopheles funestus akatoweka, na mwingine anayefanana naye sana, Anopheles rivulorum, akaongezeka. Anayehesabu vichwa tu angetangaza kwamba dawa imeshindwa. Gillies na mwenzake Smith walieleza mwaka 1960 kwamba mbu mmoja amechukua nafasi ya mwingine, na huyu wa pili hana hamu kubwa ya damu ya watu.

Wapo wanaosema zama za sindano zimepita, kwamba maabara ya leo husoma vinasaba vya mamia ya mbu kwa siku. Ni kweli, na hakuna sababu ya kuikataa mashine. Lakini kipimo cha kutafuta protini ya vimelea kimewahi kutoa majibu ya uongo, hasa kwa mbu wanaopenda damu ya ng'ombe, na kosa hilo hufichuliwa kwa njia nyingine, mojawapo ikiwa kufungua tezi ya mate na kutazama. Pingamizi linaloniuma ni jingine: mbu wengi waliopasuliwa walikamatwa na wanavijiji waliokaa macho usiku kucha, miguu wazi, tochi na kichupa mkononi, ili wamdake mbu anapotua. Wengi wao hawakuandikwa majina. Sina la kuwatetea watafiti hapo. Nasema tu kwamba sifa ya ufundi huu ni yao pia, kwani wao ndio waliojua saa ambayo mbu huingia ndani na saa anayouma, na maarifa hayo ndiyo msingi wa chandarua.

Sasa Anopheles stephensi, mbu wa Asia anayezaliana kwenye matangi ya maji mijini, ameshaonekana Jibuti mwaka 2012, kisha Ethiopia, kisha kaskazini mwa Kenya. Kuvuka kwake hakuonekani na mtu asiyejua kutofautisha bawa na bawa. Vituo vyetu vya utafiti na viwaajiri vijana wa kazi hii, wakae na mafundi wazee kwenye darubini ileile, kabla wazee hao hawajastaafu.